Soma Bahasha Kabla ya Barua: Kujikinga na Utapeli wa Barua Pepe

Nafasi za kazi serikalini zikitangazwa, steshenari za Dodoma hujaa watu wanaoskani vyeti, kuanzia zilizo jirani na UDOM hadi zile za katikati ya mji. Muda si mrefu huanza kuingia barua pepe za aina nyingine: umechaguliwa kwenye usaili, tuma 35,000 ya uhakiki wa vyeti kabla ya saa kumi jioni. Tapeli anajua majira yake. Hufuata kalenda ya ajira, ya mikopo ya wanafunzi na ya zabuni kama dalali wa Kibaigwa anavyofuata mavuno ya mahindi. Ni ndugu wa yule wa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hajui kama unadaiwa, ila akiwatumia watu elfu, hawakosi wachache ambao asubuhi hiyo kweli wanasubiri kuelekezwa pa kutuma hela.

Hatua zilizo hapa chini unaweza kuzichukua mwenyewe. Nyingi hazihitaji mtu mwingine asome barua zako wala akufungie tovuti kwa jina la usalama.

Kwanza, akaunti ni ya nani?

Wapo wengi waliofunguliwa barua pepe na mhudumu wa steshenari siku ile wanajisajili kuomba kazi. Foleni ni ndefu, kwa hiyo mhudumu huweka nywila nyepesi, pengine jina lako na mwaka wa kuzaliwa, na penye namba ya kurejesha akaunti huweka namba yake ili msimbo uingie haraka. Hana nia mbaya. Lakini mwenye namba ya kurejesha ndiye mwenye akaunti, na siku laini ile ikihamia mikononi mwa mtu mwingine, akaunti yako imehama nayo.

Kwa Gmail, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama, ukague mambo matatu. Namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti ziwe zako. Kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia, ondoa kila kompyuta usiyoitambua, ikiwemo ile ya steshenari uliyosahau kutoka. Halafu badilisha nywila: maneno manne au matano yasiyohusiana, usiyoyatumia popote pengine, ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa alama.

Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Ukiweza, tumia programu ya kutoa misimbo badala ya meseji, kwa sababu mtu akifanikiwa kubadilisha laini yako kwa wakala, meseji zote zitamfuata yeye. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja una tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Iandike kwa kalamu kwenye daftari. Usiende kuiprinti: faili litabaki kwenye kompyuta ya watu, na utakuwa umeufunga mlango huku ufunguo ukiuacha dirishani. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Anwani husomwa kutoka kulia

Kwenye simu huonekana jina tu, na jina mtu hujiandikia atakavyo. Mtu yeyote anaweza kujiita "Sekretarieti ya Ajira" akiwa na anwani ya bure. Gusa jina mpaka anwani nzima ionekane, kisha anza kusoma mwishoni.

Vikoa, yaani majina ya tovuti na barua pepe, vya .tz vina mpangilio wake. Kinachoishia na .go.tz hupewa taasisi za serikali pekee, na .ac.tz ni vya vyuo. Lakini .co.tz kampuni yoyote inaweza kusajili, kwa hiyo hiyo peke yake si kinga. Ujanja wa tapeli ni kuchukua sehemu unayoiamini na kuisogeza kushoto. Chukua mfano wa kubuni unaotumia jina la NeST, mfumo wa zabuni wa serikali: nest.go.tz.malipo-zabuni.com. Jicho linakutana na "nest.go.tz" na kutulia, ila mwenye anwani hiyo ni malipo-zabuni.com. Vivyo hivyo "ajira-go-tz.com": vistari si nukta. Kwenye viungo, tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto usome maneno mawili au matatu ya mwisho. Hayo ndiyo jina la mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni rangi ya ukuta.

Ile kufuli ndogo kwenye kivinjari haikuambii kama tovuti ni ya kweli. Inasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani, na tapeli naye huipata bure.

Viambatisho navyo husomwa mwishoni. "Barua_ya_wito.pdf.html" si PDF. Ukiifungua, huchora ukurasa unaofanana na wa kuingilia kwenye barua pepe, na nywila utakayoandika humo inaondoka. Windows huficha herufi hizo za mwisho, kwa hiyo fungua kabrasha lolote, nenda kwenye menyu ya mwonekano, uwashe maonyesho ya viendelezi vya mafaili. Faili la .zip lenye nywila iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo lifute bila kulionea huruma. Nywila hiyo ipo ili kichungio cha virusi kisiweze kuchungulia.

Bahasha yenyewe

Kila barua pepe ina bahasha isiyoonekana, na humo ndimo ukweli mwingi ulipo. Programu ya Gmail ya simu haikuonyeshi yote, tumia kompyuta. Fungua barua, bofya nukta tatu pembeni ya kitufe cha kujibu, chagua "Show original". Juu kabisa utaona mistari mitatu.

SPF inajibu swali hili: seva iliyoleta barua imo kwenye orodha ya seva zilizoruhusiwa na mwenye kikoa? DKIM ni sahihi ya kidijiti, inayoonyesha kwamba sehemu zilizosainiwa hazikuguswa njiani. DMARC inalinganisha hizo mbili na anwani unayoiona wewe kwa macho. Kila mmoja huandikwa PASS au FAIL, na hapa ndipo hata maafisa TEHAMA wengine hujikwaa. PASS inathibitisha kwamba barua imetoka kwenye kikoa kilichotajwa. Haithibitishi kwamba kikoa hicho ni cha mtu mwema. Tapeli aliyesajili ajira-go-tz.com anaweza kupata PASS zote tatu bila shida. FAIL nayo si hukumu ya mwisho, kwani barua iliyopitishwa na seva nyingine kabla ya kukufikia mara nyingi huangusha SPF. Kwa hiyo soma matokeo pamoja na jina la kikoa, kamwe usisome moja bila jingine.

Angalia pia mstari wa Reply-To. Ikiwa barua inadai kutoka chuoni lakini majibu yanaelekezwa kwenye anwani ya bure, umeshapata jibu.

Ankara iliyobadilisha akaunti

Utapeli unaowaumiza zaidi wafanyabiashara hauna makosa ya sarufi wala kiungo cha ajabu. Mkamuaji alizeti wa Singida amekuwa akiwasiliana wiki tatu na muuza mashine wa China. Mtu ameingia kwenye sanduku la barua la mmoja wao na kukaa kimya, akisoma. Siku ya malipo inaletwa profoma ile ile, nembo ile ile na bei ile ile, isipokuwa namba ya akaunti ya benki. Maelezo hayakosekani: akaunti ya zamani inakaguliwa na wakaguzi, tumia hii kwa muda. Pengine barua inatoka kwenye anwani halisi kabisa, na bahasha haitakuonyesha kasoro yoyote.

Dawa yake ni moja: akaunti ikibadilika, piga simu. Usipige namba iliyo kwenye barua hiyo. Piga ile uliyokuwa nayo tangu mwanzo, uongee na mtu unayemfahamu sauti, akusomee tarakimu moja moja. Ofisini, anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Barua ikisema "usipige, niko kikaoni", hiyo ndiyo sababu ya kupiga.

Malipo ya serikali yana njia yake, ile kontrolo namba. Anayekutaka utume ada ya zabuni au ya usaili kwenye namba ya simu ya mtu ni tapeli, na kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna ada. Hata ukipewa kontrolo namba, usiidhinishe kabla ya kusoma jina linalojitokeza kwenye simu. Namba inaweza kuwa halali kabisa, ila ya deni la mtu mwingine, nawe ukamlipia faini yake.

Kwa mwenye ofisi au kikoa

Kampuni yenye kikoa chake iweke SPF, DKIM na DMARC, la sivyo mtu yeyote anaweza kuandika barua kwa jina lake. Anza DMARC na p=none (angalia tu, usizuie) ukipokea ripoti kwa mwezi mmoja hivi. Utashangaa ni mifumo mingapi hutuma barua kwa jina lako: wa mishahara, wa meseji, hata tovuti yenyewe. Iingize yote kwenye SPF, kisha panda hadi p=quarantine (barua iwekwe kando), na mwisho p=reject (ikataliwe). Anayerukia reject siku ya kwanza huzuia ankara zake mwenyewe. SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, kile kitabu cha anwani cha mtandao. Yakizidi, rekodi huhesabika mbovu.

Upande wa wafanyakazi, ofisi nyingi hukosea kwa kupitiliza. Kuzuia barua za utapeli hakumlazimu mtu yeyote kusoma za halali. Kichungio kiweke barua za kutia shaka karantini, mwenye barua aarifiwe na aweze kuomba iachiliwe, badala ya kufutwa kimyakimya. Hifadhi kumbukumbu za bahasha, yaani nani, lini na kutoka seva gani, kwa muda uliotangazwa, na maudhui yaacheni. Katiba, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi, na ya 18 inatoa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo maalumu analolijua. Bosi anayedai nywila za wafanyakazi "kwa usalama" ameunda daftari moja ambalo likiibwa, ofisi nzima imeibwa.

Kufunga mtandao kuna gharama za namna hiyo hiyo. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa, na muda si mrefu X ikawa haifunguki nchini. Watu hawakuacha kuitafuta. Walipakua VPN za bure, yaani programu zinazopitisha mtandao wako kwenye seva ya mtu mwingine. VPN ya namna hiyo haizuii barua ya utapeli hata moja, na mwenye nayo huona tovuti unazotembelea. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN wazitolee taarifa. Anayeihitaji kwa kazi achague ya kulipia yenye kampuni inayojulikana, aitolee taarifa, na asiipe ruhusa ya kusoma meseji wala majina ya simu. VPN haina kazi nayo.

Ukishanaswa

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Hela ikiwa imekwenda kwa simu, piga 100 kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla haujatolewa. Ikiwa ni benki, nenda tawini siku hiyo hiyo ukaombe hela irudishwe, ukiwa na namba ya muamala. Meseji au namba ya tapeli itume 15040.

Kama uliandika nywila yako kwenye ukurasa wa uongo, kuibadilisha peke yake hakutoshi. Aliyeingia huacha kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwake, nayo huendelea kufanya kazi hata nywila ikibadilika. Kwenye mipangilio ya Gmail fungua "Forwarding and POP/IMAP", kisha "Filters and Blocked Addresses", ufute usichokiweka. Kagua vichungio hasa vyenye maneno kama "benki" au "malipo" vinavyotupa barua kwenye takataka. Ndivyo anavyokuficha majibu.

Barua ya utapeli usiifute, na usitegemee picha ya skrini, kwa kuwa picha haina bahasha. Kwenye ukurasa ule wa "Show original" kuna kitufe cha kupakua faili la asili. Lihifadhi kwenye flashi. Usirushe namba ya tapeli na jina lililosajiliwa kwenye makundi ya WhatsApp. Laini huweza kuwa imesajiliwa kwa NIDA ya bibi wa Kondoa asiyejua lolote, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayomshika tapeli inamshika pia anayesambaza taarifa za uongo. Nenda polisi na flashi, risiti ya muamala na maelezo yenye saa na tarehe, uombe RB, namba ya taarifa yako polisi. Benki na mtandao wa simu wataiulizia kila utakapofuatilia, kwa hiyo nakili namba yake kwenye daftari lile lile lenye misimbo kumi.