Kabla mto Nyando haujafurika, hesabu kwanza nani analala hapo kwako

Watu wakisikia mvua ya Machi inakaribia wanakimbilia kununua magunia na tochi, sawa, si vibaya, lakini mimi nakwambia anza na watu. Jioni moja chukua daftari la mtoto uandike kila mtu anayelala hapo, miaka yake, kama anasoma meseji, kama anatembea mwenyewe, na mchana huwa wapi. Hiyo ya mwisho ndio wengi husahau.

Kwetu Ahero tuliijua kwa ubaya. Tangazo la mvua kubwa liliingia kwa simu yangu, Kizungu kitupu, na mimi niko kazini Nakuru. Nyumbani kuna nyanya, ashapita miaka 70, shule hakuenda, kabambe yake haina chaji, na watoto wawili hata darasa la kwanza bado. Anayesoma hayuko, walioko hawasomi. Nikapigia jirani akimbie amwambie, kumbe nyanya amejua tangu asubuhi, maji ya mto yamegeuka rangi na yanabeba matawi, maanake huko juu Nandi kumenyesha. Sasa hapo niambie nani ndio amesoma.

Kwa hivyo gawa kazi kulingana na mtu. Aliyesoma asikize utabiri wa idara ya hali ya hewa halafu auelezee nyumba nzima kwa lugha ya hapo, Kijaluo au Kiluhya, kuforwadi peke yake si kuambia mtu. Mzee aangalie mto na asibishiwe. Mtoto wa darasa la tano ashike namba ya Msalaba Mwekundu kichwani, 1199, ni ya bure, na ajue mfuko wa plastiki wenye vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na dawa za presha umetundikwa wapi.

Mama aliye peke yake na watoto watatu wadogo ana mikono miwili tu, hesabu haitoshi, so aongee mapema na jirani mwenye vijana wakubwa, na waseme kwa majina nani anabeba nani. Ile ya "tutasaidiana tu" maji yakiingia kila mtu anashika wake. Asiyeweza kutembea naye, wilbaro ya nani? Uliza leo.

Halafu fanyeni mazoezi usiku, taa zimezimwa. Bwawa la Solai lilipasuka usiku, 9 Mei 2018, na Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, maji yalikuja kabla kupambazuke watu wamelala. Sisi mara ya kwanza tulichukua dakika kumi na kitu kutoka, nusu yake tukibembeleza nyanya, amekataa katakata kuacha kuku wake. Tulicheka lakini alikuwa serious. Siku hizi tenga liko nyuma ya mlango na kijana wa form two ndiye wa kulibeba.