Kabla hujaanza kusoma fasihi ya Uingereza na Marekani: mambo ya kuzingatia

Wanaojiandaa kusoma fasihi ya Uingereza na Marekani, wawe wanafunzi wa chuo au wasomaji wa kujitegemea, aghalabu huanza kwa kukariri orodha ya mikondo: urasimi, ulimbwende, uhalisia, usasa, kila mmoja na miaka yake na majina matatu manne pembeni. Orodha hiyo inakaririka usiku mmoja, na haisaidii kitu siku unapokutana na shairi lenyewe. Mimi ningeshauri uanze na ugomvi. Karibu kila mkondo ulizaliwa kwa sababu kuna watu waliochoshwa na waliowatangulia, na ukishajua nani alikuwa akibishana na nani, juu ya nini, miaka na majina hujipanga yenyewe.

Msomaji wa Kiswahili anaujua vizuri ugomvi wa aina hiyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani isiyofuata vina na mizani, wanamapokeo na wanamabadiliko walirushiana maneno kwa miaka. Sasa nenda na kumbukumbu hiyo hadi Uingereza ya mwaka 1798. William Wordsworth na Samuel Taylor Coleridge wanachapisha Lyrical Ballads bila kuweka majina yao. Karne yote iliyotangulia ilikuwa ya akina Alexander Pope: mishororo miwili miwili yenye vina, lugha iliyopigwa pasi, kejeli za mjini, marejeo ya Kigiriki na Kirumi. Katika dibaji ya toleo la 1800 Wordsworth anadai ushairi utumie lugha ambayo watu huizungumza kweli, na kwenye beti zake wanaingia wachungaji, ombaomba na watoto wa kijijini. Nyuma ya ulimbwende huo kuna Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, na viwanda vinavyowaondoa watu mashambani. Kizazi kilichofuata, cha Keats, Shelley na Byron, kilikufa kijana na mbali na kwao: Keats alifia Roma mwaka 1821 akiwa na miaka 25, Shelley alizama baharini Italia mwaka 1822, Byron alifia Ugiriki mwaka 1824. Huyo Byron, hata hivyo, alimsifu Pope maisha yake yote, kwa hiyo usitegemee kundi zima liseme kauli moja.

Tafuta karatasi kubwa uigawe safu mbili, Uingereza kushoto na Marekani kulia. Ukisoma kila nchi peke yake utakosa jambo muhimu: kwa muda mrefu Wamarekani walikuwa wanagombana na Waingereza, na Waingereza wenyewe hawakuwa na habari. Mwaka 1837 Ralph Waldo Emerson aliwahutubia wasomi wa Harvard akiwaambia kwamba wameisikiliza Ulaya vya kutosha. Maneno matupu yasingetosha, maana biashara ya vitabu ilikuwa upande wa Ulaya. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki ya mwandishi wa kigeni, kwa hiyo wachapishaji wa huko walimchapa Dickens bila kumlipa na kumuuza kwa bei ndogo. Dickens alilalamika waziwazi alipozuru Marekani mwaka 1842. Aliyeumia pia ni mwandishi wa Kimarekani: nani atanunua riwaya ya kijana wa Massachusetts ilhali Dickens ni rahisi zaidi? Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini watu hushangazwa na kilichotokea ndani ya miaka michache tu: The Scarlet Letter ya Hawthorne mwaka 1850, Moby-Dick ya Melville mwaka 1851, Walden ya Thoreau mwaka 1854, Leaves of Grass ya Whitman mwaka 1855. Lakini kabla ya hao wote, na walimu wengi huliruka hili, weka Frederick Douglass, mtu aliyetoroka utumwani na kuchapisha simulizi ya maisha yake mwaka 1845. Bila utumwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, safu ya kulia haieleweki, kuanzia Douglass mpaka Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa karne ya 20.

Kwenye safu ya kushoto, miaka hiyohiyo, utaandika Dickens akitoa riwaya zake kwa mafungu ya kila mwezi au kila wiki. Kumbuka hilo usije ukamlaumu kwa urefu na kwa sura zinazokatika pale hasa unapotaka kujua kitakachofuata. Msomaji wake alisubiri toleo jingine kama sisi tunavyosubiri tamthilia ya jioni. Utaandika pia majina ya kiume ambayo wenyewe ni wanawake. Currer, Ellis na Acton Bell waliotoa riwaya mwaka 1847 ni dada watatu, Charlotte, Emily na Anne Brontë. George Eliot, mwandishi wa Middlemarch, ni Mary Ann Evans. Usije ukaandika kwenye insha yako kwamba yeye na mshairi T. S. Eliot ni ndugu.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote ni toleo. Kabla hujasoma ukurasa wa kwanza, angalia nakala uliyo nayo ni ipi, imetoka mwaka gani, imehaririwa na nani, na kama imefupishwa. Shuleni wengi wetu tulisoma matoleo yaliyorahisishwa, yenye kurasa themanini na picha, tukadhani tumemaliza Dickens. Hayo ni mazuri kwa kujifunza Kiingereza, ila mhakiki hawezi kuyategemea. Na hata nakala kamili hutofautiana. King Lear ya mwaka 1608 na ile iliyomo kwenye juzuu kubwa la tamthilia za Shakespeare la mwaka 1623 hazilingani. Kuna mamia ya mishororo iliyopo huku na kukosekana kule. Frankenstein ya Mary Shelley ina umbo la 1818 na umbo alilolirekebisha mwenyewe mwaka 1831, na katika hilo la pili majaliwa yanambana zaidi Victor, mhusika mkuu. Great Expectations ina miisho miwili, kwa sababu Dickens alishauriwa na rafiki yake aubadilishe ule wa huzuni. Kisa cha Moby-Dick ndicho ninachokipenda: ilitoka kwanza London, Oktoba 1851, bila ule ukurasa wa mwisho unaoeleza jinsi msimulizi alivyonusurika. Baadhi ya wahakiki wa Uingereza wakauliza, kama meli imezama na watu wake, nani basi ametuhadithia? Lilikuwa swali halali kabisa. Emily Dickinson naye aliandika mashairi karibu 1,800, yakachapishwa kumi hivi tu akiwa hai. Alipofariki mwaka 1886 wahariri waliyalainisha, wakaondoa vistari vyake na kurekebisha vina, na wasomaji walisubiri hadi 1955 kupata toleo la Thomas H. Johnson lililorudisha alama zake. Ukikuta shairi lake limenyooka mno, shuku.

Halafu kuna Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyofanywa kwa amri ya Mfalme James, imo ndani ya sentensi za waandishi hawa hata wale wasioamini. Milton aliijenga Paradise Lost ya mwaka 1667 juu ya sura chache za Mwanzo. Hemingway alichukua jina la The Sun Also Rises kutoka Mhubiri, Faulkner, kwa Absalom, Absalom!, akamchukua Absalomu wa kitabu cha Samweli, Steinbeck, kwa East of Eden, akachukua mashariki ya Edeni alikokwenda kuishi Kaini, na Morrison akaipa riwaya yake ya 1977 jina la Wimbo wa Sulemani. Msomaji aliyelelewa na Qurani ana hazina kubwa hapa, maana Adamu, Nuhu, Yusufu na Ayubu anawajua. Atahitaji tu kuangalia ni wapi visa vinatofautiana. Soma Mwanzo, Kutoka, Ayubu, Mhubiri na Injili moja, na hapo umejiokoa na nusu ya tanbihi. Ngano za Kigiriki unaweza kuzisoma kidogokidogo kadiri zinavyojitokeza.

Sikio nalo linahitaji maandalizi, na hapa Kiswahili kinasaidia kisha kinakwamisha. Kinasaidia kwa sababu aliyezoea utenzi wa mizani nane anajua kwamba mshororo una kipimo. Kinakwamisha kwa sababu katika lugha yetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, ilhali kipimo cha Shakespeare hakihesabu silabi kumi pekee bali pia jinsi nyepesi na nzito zinavyopokezana, mara tano katika mshororo. Ukisoma kwa mkazo wa nyumbani, shairi linalala. Sikiliza kabla ya kusoma. Mtandao wa LibriVox una rekodi za bure za kazi nyingi za zamani. Na usione haya kuanza na tafsiri. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 ikawa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. S. S. Mushi alitafsiri Macbeth mwaka 1968. Soma hotuba ya Antoni katika Juliasi Kaizari kwa Kiswahili, uone anavyougeuza umati, ndipo uende kwenye Kiingereza cha miaka 400 iliyopita ukiwa tayari unajua kinachotendeka.

Kuhusu mpangilio wa kusoma, wapo wanaosema uanze na Beowulf ushuke karne kwa karne. Sikubaliani nao. Beowulf ni utenzi wa Kiingereza cha kale ambacho hata Mwingereza wa leo hukisoma kwa tafsiri, na Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anataka faharasa pembeni. Anza na vitu vifupi vya karne ya 19 na 20: hadithi za Poe, hadithi za Dubliners za Joyce, mashairi ya Langston Hughes, kisha rudi nyuma ukiwa na hamu. Ulysses ya Joyce, iliyochapwa Paris mwaka 1922 na kupigwa marufuku Marekani hadi uamuzi wa mahakama wa 1933, iache kwa sasa. The Waste Land ya T. S. Eliot, ya mwaka huohuo, unaweza kuijaribu mapema kwa sababu ni fupi, mradi ukubali kutoelewa vipande. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyovunja imani ya waandishi hao kwamba hadithi inaweza kusimuliwa kwa mstari ulionyooka. Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, ya mwaka 1925, inalionyesha hilo kwa upole zaidi, kupitia askari mmoja aliyerudi London lakini akili yake ikabaki vitani.

Usiyaamini sana majina ya nchi. T. S. Eliot alizaliwa St. Louis, Marekani, akawa raia wa Uingereza mwaka 1927. Henry James alifanya vivyo hivyo mwaka 1915. W. H. Auden alikwenda kinyume chao, akawa Mmarekani mwaka 1946. Joyce na Yeats ni Waayalandi, na Mwayalandi hatakushukuru ukimwita Mwingereza. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, alipata Nobeli mwaka 2021, na riwaya zake za Kiingereza zimejaa bandari na misafara ya pwani yetu. Mweke kwenye safu ya kushoto bila wasiwasi. Na ukimweka pia kwenye fasihi ya Zanzibar, hakuna atakayekukataza. Hughes, sauti kuu ya mwamko wa waandishi Weusi wa Harlem, New York, wa miaka ya 1920, alikuja Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, kwa hiyo naye si mgeni kabisa.

Jiandae pia kukutana na mambo ya kuudhi. Heart of Darkness ya Joseph Conrad inatokana na safari yake ya mwaka 1890 kwenye Mto Kongo, na Waafrika waliomo hawapewi nafasi ya kusema ila mara chache sana. Chinua Achebe alitoa mhadhara mwaka 1975 akimwita Conrad mbaguzi waziwazi. Soma vyote viwili, tena kwa kufuatana. Huckleberry Finn ya Mark Twain ina tusi la rangi zaidi ya mara 200, na mwaka 2011 lilitoka toleo lililoliondoa. Mimi ningechukua lenye tusi, kwa sababu mvulana anayelitamka bila kufikiri ndiye anayeamua baadaye kutomsaliti Jim, mtumwa aliyetoroka. Na kama unajiuliza kwa nini tujisumbue na vitabu hivi, jua kwamba mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Walitaka fasihi ya Afrika ikae katikati na nyingine zipangwe kuizunguka. Soma hoja yao kabla ya kuanza. Itakusaidia kuamua unasimama wapi.

Mwisho ni mfuko. Vitabu vingi nilivyovitaja vinapatikana bure na kihalali katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, hata kwa simu. Marekani, kilichochapishwa kabla ya 1930 kimeshatoka kwenye hakimiliki. Uingereza huhesabu miaka 70 tangu mwandishi afariki. Kwa hiyo Woolf na Joyce, waliofariki 1941, wako huru pande zote kwa kazi zao za miaka ya 1920, ila Hemingway, aliyefariki 1961, bado analindwa Uingereza hadi mwisho wa 2031. Morrison itabidi umnunue au umwazime maktaba. Ukinunua mitumba ya vitabu, chagua nakala yenye utangulizi na tanbihi hata kama jalada limechanika, na utangulizi huo usiusome kwanza, maana wataalamu wana tabia ya kutoboa mwisho wa hadithi kwenye aya ya pili.