Kupanga Matembezi ya Mwisho wa Wiki kwa Wanandoa Wageni Wanaoishi Mtwara na Lindi

Wanandoa wanaoletwa Mtwara au Lindi na kazi za bandari, gesi, saruji au hospitali, wawe wametoka Kenya, Uganda, Kongo au mbali zaidi, mara nyingi hufika wakiwa na Serengeti na Ngorongoro vichwani, na wanapotambua kwamba huko ni safari ya siku kadhaa, huziacha Jumamosi zao zipotelee sokoni na mbele ya televisheni. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu pwani hii ya kusini mwa Tanzania ina historia na mandhari ya kuwatosha kwa miaka yote ya mkataba wenu. Jambo la kujifunza mapema ni kwamba huku mtu huuliza kwanza hali ya maji, mvua na barabara, kisha ndipo huchagua mahali pa kwenda.

Kabla ya hayo, pataneni nyumbani. Kwa kawaida mmoja ndiye mwenye kibali cha kazi, na mwenzake amekuja kama mtegemezi. Aliyefanya kazi wiki nzima anataka kulala, aliyekaa nyumbani wiki nzima anataka kutoka, na ugomvi wa Jumamosi asubuhi huanzia hapo. Kwetu, mimi ndiye niliyeachwa nyumbani, na tulielewana kwamba maulizo yote ya safari yawe yangu kati ya Jumanne na Alhamisi: kuzungumza na manahodha wa mashua kule Feri, kivukoni Mtwara, kuuliza madereva hali ya njia, kuulizia nauli na mahali pa kulala. Kazi hiyo ilinipa marafiki wa kwanza niliowapata Mtwara, na mume wangu akaacha kuyaona matembezi kama mzigo mwingine wa kupanga. Nawashauri mgawane hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye maji, maana mgeni asiyeyajua atafika ufukweni na kukuta bahari imeondoka. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, pwani yetu hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu, na hapo mambo hugeuka, maji yakawa juu katikati ya asubuhi, ingawa si kwa kiasi kile kikubwa. Kwa hiyo, mwisho wa wiki wa bamvua unawafaa wanaopenda kutembea juu ya miamba asubuhi, wakiwa na viatu vya kuwakinga na miiba ya urchini wa baharini, na kuogelea jioni; tena unamwachia nafasi yule anayetaka kulala. Wa maji mafu unafaa kwa kuogelea mapema na kurudi kabla jua halijawa kali. Kalenda ya mwezi inatosha kuwapa makadirio, lakini saa kamili muulizeni nahodha.

Anzeni na Mikindani, mji wa kale ulio karibu kilomita 10 kutoka Mtwara, ambako daladala au bajaji itawafikisha bila shida. Alasiri moja inatosha. Panda hadi Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo lilikarabatiwa na kugeuzwa hoteli, kisha teremkeni kwa miguu mkitazama roshani na milango ya kuchonga ya nyumba za zamani. Kutoka bandari hii, mwaka 1866, David Livingstone alianza safari yake ya mwisho kuelekea bara, na biashara ya watumwa aliyokuwa akiipinga ilipita katika mitaa hiyo hiyo mtakayotembea. Watu wanaishi katika nyumba hizo; salimieni, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mlango wa mtu.

Msimbati, kijiji cha pwani kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, kinahitaji siku nzima. Sehemu ya njia ina mchanga, kwa hiyo ulizeni kama gari lenu litapita. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna ada ya kulipa. Bebeni nakala za vibali vyenu vya ukaazi na pasipoti, kwa kuwa viwango vya ada katika hifadhi za nchi hii hutofautiana kati ya raia, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine. Visima na mitambo ya gesi iko jirani, msiielekezee kamera. Mkitoka majini vaeni nguo za heshima kabla ya kuingia kijijini, na wakati wa Ramadhani chukueni chakula chenu na mle mahali pa faragha.

Kilwa ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300, hivyo isubirini sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu, au aliyeajiriwa aombe ruhusa ya Ijumaa mchana, ili mlale Masoko na kuvuka mapema Jumamosi kwenda Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale. Malipo na kibali hushughulikiwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na mwongoza wageni ni wa lazima kwa maoni yangu, kwa sababu bila maelezo mtaona mawe tu. Kisiwani kuna Msikiti Mkuu wenye kuba zake, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11. Kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Na kuna Gereza, ngome ambayo asili yake ni ya Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Magofu haya na yale ya kisiwa cha Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Msijaribu kuviona visiwa vyote viwili kwa siku moja. Songo Mnara ni mbali zaidi kwa mashua, na anayekimbia huku akitazama saa haoni kitu.

Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, ni ya wapenzi wa elimu ya kale. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, kwa nguvu za mamia ya vibarua wenyeji, walichimba huko mifupa ya dinosaria, na kiunzi kimoja chenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama Berlin hadi leo. Juu ya ardhi hakuna kikubwa cha kutazama. Someni kwanza, nendeni kiangazi, na mwenyeji awaongoze.

Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msimu huo achaneni na njia za vumbi, fuateni lami kwenda Ndanda na Masasi, mwone milima ya mawe inayochomoza katika uwanda. Hata lami ina mipaka yake: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika huko Kilwa. Newala, penye Shimo la Mungu, ukingo wa nyanda za juu za Makonde unaotazama bonde la Ruvuma, iachieni kiangazi. Mkitaka kushuka hadi mtoni penyewe, ulizeni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji na polisi, kwani mwaka 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu waliovuka kutoka Msumbiji.

Njiani nunueni ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha na korosho za kubangua; kati ya Oktoba na Desemba mtapata na mabibo.

Na kila mnapokodi mashua, patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi, saa ya kurudi na idadi ya abiria mkiwa bado nchi kavu, hesabuni majaketi okozi kwa macho yenu, na akisema upepo wa kusi umezidi, ahirisheni safari bila kumbembeleza.