Upasuaji mdogo wa fizi: kazi yako ni kulinda damu iliyoganda

Mgonjwa akilala kwenye kiti changu huuliza kwanza: "Daktari, utapasua mpaka wapi?" Namwonyesha ncha ya kidole changu kidogo. Mara nyingi sigusi zaidi ya meno mawili. Watu wanaogopa kisu, ila mimi naogopa wiki zinazofuata, mgonjwa akiwa kwake na ulimi usiotulia.

Tuanze na kama upasuaji huu, wa kurudisha mfupa unaoshika jino, unakufaa. Ugonjwa wa fizi hauli mfupa kwa namna moja. Pengine hushusha mfupa wote sawasawa, kama maji yanayopungua mtungini. Hapo hatuna cha kurudisha. Pengine huchimba shimo kando ya mzizi na kuacha kuta za mfupa zimesimama. Shimo jembamba, lenye kina cha milimita 3 au zaidi, ndilo tunalolitafuta. Kwenye eksirei huonekana kama kabari nyeusi iliyopigwa kati ya jino na mfupa.

Kabla ya hapo lazima usafishwe meno hadi chini ya fizi, kisha ungoje kama miezi 3 upimwe upya. Mifuko mingi, yaani nafasi zilizoachana kati ya ufizi na jino, hufunga kwa usafi huo peke yake. Mfuko ukibaki na kina cha milimita 6 au zaidi na shimo lipo, hapo tunazungumza. Ukiambiwa upasuliwe siku ileile ya kwanza, uliza kwa nini.

Wakati wa kungoja una kazi. Sigara iache, mimi humwahirisha mvutaji, maana kidonda chake hupona vibaya. Sukari iwe imedhibitiwa. Taja dawa zote unazomeza, hasa za kuzuia damu kuganda, wala usiziache kwa uamuzi wako. Jino linalocheza lifungwe kwanza na jirani yake. Na ujifunze brashi ndogo za kati ya meno mpaka mkono uzoee, kwa sababu mdomo mchafu siupasui.

Siku yenyewe ni ganzi, mkato mdogo, na miwani ya kukuza au darubini. Zamani tulifunua ufizi kwa urefu. Miaka ya 1990 Stephen Harrel wa Marekani alianza kuupunguza mkato; mwaka 2007 Pierpaolo Cortellini na Maurizio Tonetti wakaeleza mbinu yao ya mkato mdogo, na mwaka 2009 wakaipunguza zaidi: unafunua upande wa shavu tu, na ile pembetatu ya ufizi iliyo kati ya meno unaiacha ilipo. Kupitia dirisha hilo naondoa nyama mbovu, nakwangua ugaga kwenye mzizi, nashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele wako wa kichwani, au karibu hivyo.

Shimo linajaa damu, damu inaganda, na ndani ya bonge hilo ndimo mfupa unapoanzia. Pembetatu ile ndiyo paa lake. Mwaka 2011 mabwana hao wawili walilinganisha wagonjwa 45 katika makundi matatu: mkato mdogo peke yake, mkato na jeli ya protini za enameli (ile ngozi ngumu ya nje ya jino), na mkato na jeli pamoja na unga wa mfupa. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana. Utafiti ni mdogo, lakini tangu niusome siharakii kuuza jeli. Tena jeli hiyo hutokana na meno ya nguruwe, na unga wa mfupa mara nyingi ni wa ng'ombe. Kama imani yako inakataza, sema mapema.

Sasa nyumbani. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shavu, dakika chache kwa vipindi. Usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Kula laini, upande wa pili. Mahali pa mshono usipige mswaki hata kidogo. Sukutua kwa klorheksidini, dawa ya maji ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.12, dakika moja, mara 3 kwa siku. Meno yatapiga rangi ya kahawia, hasa ukipenda chai. Tutayang'arisha baadaye. Kwingineko mswaki uendelee kama kawaida.

Na tafadhali usivute mdomo kujitazama! Nilikuwa na mama mmoja, msafi kupita kiasi, ambaye siku ya tatu aliinua mdomo wa juu mbele ya kioo amwonyeshe mumewe kazi yangu. Mshono ukaachia, paa likafunguka. Alirudi analia, nami sikuwa na la kumrudishia.

Damu isiyokoma baada ya kubana shashi dakika 30, homa, au uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu: piga simu, usingoje miadi.

Nyuzi hutoka baada ya kama wiki moja. Mswaki laini sana unarudi pale daktari wako atakaporuhusu. Kwangu ni wiki ya tatu au ya nne, na brashi ya kati ya meno baada ya hapo. Maji ya baridi yataliuma jino kwa muda. Eksirei ya kupima mfupa nafanya mwaka ukitimia. Atakayetaka kuchomeka kipimo ndani ya ufizi huo kabla ya miezi 6, mwambie umepasuliwa, na ufunge mdomo.