Kabla ya Kumlaza Chura Kwenye Trei

Wanafunzi wa kidato cha sita wa michepuo ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hufanya mtihani wa baiolojia kwa vitendo, kwa kawaida mwezi Mei, na wengi huliogopa swali la kupasua mnyama. Naamini hofu hiyo huanzia kwenye maandalizi ya mwalimu. Mnyama akiuawa halafu viungo vyake vikachanwachanwa na mkasi butu, amekufa bure, na jambo hilo huniuma kila nikiliona.

Kwanza amua ni mnyama gani. Mende hupatikana mwaka mzima. Chura ni wa masika. Ukimhitaji wakati wa kiangazi utahangaika sana, kwa hiyo panga somo lako kwa kufuata mvua. Wakusanye usiku kwa tochi, uwaweke kwenye ndoo yenye nyasi mbichi na mfuniko uliotobolewa, wala wasikae humo siku nyingi. Panya wa kutega majumbani simshauri mtu. Hubeba ugonjwa wa leptospirosisi, na kule Lushoto, mkoani Tanga, panya na viroboto wao wamewahi kueneza tauni. Watumie waliofugwa kwa ajili ya maabara. Ukiwakosa, moyo na figo za mbuzi kutoka buchani hufundisha mengi.

Siku chache kabla, kaa na wanafunzi. Wapo ambao dini au moyo wao hauwaruhusu kumgusa panya au kuona kiumbe kikifa. Wasikilize, uwapangie kazi ya kuchora au kutumia kiungo cha buchani, bila kuwaaibisha mbele ya wenzao. Waambie pia kwamba moyo wa chura huweza kuendelea kudunda baada ya yeye kufa. Asiyeambiwa hudhani anampasua aliye hai, naye hatasahau siku hiyo kwa sababu mbaya.

Klorofomu, yaani kemikali ya kumuulia mnyama, ishike mwenyewe. Fungua madirisha, weka pamba iliyoloweshwa ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana, na uhakikishe mnyama amekufa kabisa kabla darasa halijaingia. Glavu ni za lazima: tezi zilizo nyuma ya macho ya chura wa nchi kavu hutoa utomvu mweupe wenye sumu, na mwanafunzi akijifikicha jicho atajuta.

Jambo ambalo walimu wengi huliruka ni kupasua wao wenyewe jioni ya kuamkia somo. Hapo ndipo utagundua kwamba mikasi haikati, nta ya trei ya kuchomekea pini imepasuka na pini hazitoshi. Utakumbuka pia kwa nini mende hufunguliwa mgongoni ilhali chura hufunguliwa tumboni: uzi mkuu wa neva wa mende uko upande wa tumbo, wa chura uko mgongoni. Kwa chura, kata pembeni kidogo ya mstari wa kati, maana chini ya misuli hapo unapita mshipa mkubwa wa damu; ukiukata, trei nzima hujaa damu. Ncha ya mkasi ielekee juu. Pini zilazwe kuelekea nje zisizibe kazi, na maji yafunike viungo ili vielee na kuachana. Chura jike mwenye mayai tele mtoe mayai kwanza, la sivyo utumbo hauonekani.

Shimo la kuzikia mabaki lichimbwe mapema, refu kiasi cha mbwa kutoweza kufukua, na sabuni iwe tayari kwenye sinki.