Somo: Songpyeon za mkesha wa Chuseok

Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya mwezi, mbalamwezi ikiwa duara kamili. Mwaka 2026 ni Septemba 25. Mimi nimeolewa huku Korea, na jioni ya mkesha sote huketi chini kwa mama mkwe tukifinyanga songpyeon, vitafunwa vya mchele. Ukiwa mgeni katika familia ya Kikorea, anza na hizi.

1. Unga. Loweka mchele wao wa punje fupi usiku kucha, chuja, usagishe na chumvi ungali na unyevu.

2. Kanda kwa maji yanayochemka, kidogo kidogo. Ya baridi hayafai, unga wa mchele haushikani kama wa ngano. Mama mkwe hulibonyeza donge, kisha hushika ndewe ya sikio lake. Ulaini ukilingana, basi. Lifunike kwa kitambaa kibichi.

3. Ndani weka ufuta uliokaangwa, utwangwe nusunusu, na sukari na asali.

4. Kufinyanga, na hapa ndipo penye kazi. Chukua donge kama ndimu ndogo, tia kidole gumba katikati, lizungushe liwe kikombe. Weka ufuta kijiko cha chai, funga. Sasa libane kwenye kiganja kwa nguvu, mara mbili tatu, hewa yote itoke. Mwaka wa kwanza nilizishika kama mayai. Zangu zote zikapasuka na ufuta ukamwagika. Ukishalibana, litie umbo la nusu mwezi. Wazee husema mwenye kuunda songpyeon nzuri huzaa binti mzuri, na wifi zangu hushindania hilo mpaka usiku.

5. Tandika majani ya msonobari kwenye chombo cha mvuke, panga, pika dakika 20. Suuza kwa maji baridi, paka mafuta ya ufuta.

Maswali

*Dada, niko Muscat, nina unga mkavu wa dukani. Utafaa?*
Utafaa, ila unakunywa maji mengi zaidi. Ongeza taratibu, uuache upumzike nusu saa.

*Majani nichume bustani ya mtaani?*
Hapana mpenzi, misonobari mingi huku hutiwa dawa ya wadudu. Nunua sokoni. Ukikosa, tandika kitambaa. Utakosa ile harufu tu.

*Mimi Muislamu. Na ile asubuhi ya kuwainamia marehemu?*
Inaitwa charye. Mwambie mumeo mapema aongee na wazazi, si pale mezani. Familia nyingi za Kikristo nazo haziinami, husali. Mimi husaidia kuandaa, kisha husimama nyuma kwa adabu. Makaburini naenda nao, na nyasi nafyeka.

*Kukaanga jeon, vile vipande vya samaki na mboga vya unga na yai, kutwa nzima kunanivunja mgongo. Ni lazima?*
Pole sana mdogo wangu. Mwaka 2022 wanazuoni wa Konfusio wa Sungkyunkwan, taasisi kuu ya mafundisho yanayoongoza mila hizi, walitamka kwamba vya kukaangwa si lazima kwenye meza ya charye. Mwombe mumeo amsomee mama yake tamko hilo, yeye mwenyewe, kabla hamjaenda sokoni.