Picha kwanza, zege baadaye

Kama unajenga Moshi huku unaishi Dar, usimwambie fundi akutumie tu "picha za saiti". Utaletewa ukuta na Kilimanjaro nyuma yake. Inapendeza, lakini haikusaidii kitu.

Omba picha ya vile ambavyo zege litavifunika: nondo za lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nafasi kati ya ringi na ringi (vyuma vilivyokunjwa kuzizunguka nondo hizo), na vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisilale kwenye ubao. Futi iwe imenyooshwa ndani ya picha, namba zisomeke. Mimi na fundi wangu tulikubaliana ringi zikae kila sentimita 20. Futi ndiyo iliyoniambia ni 30. Tangu siku hiyo hakuna mfuko wa saruji unaofunguliwa kabla sijajibu "endelea".

Atume kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha ya kawaida. Hapo ubora haupungui, na kwa kawaida tarehe na saa ya kupigwa hubaki ndani ya faili. (Picha ya juzi kutumwa leo ni mchezo wa zamani.)

Masika, Machi hadi Mei, ongeza picha ya miguu ya mirunda (nguzo za miti) inayobeba fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege bichi. Udongo ukilowa mguu huzama, na chini yake wapo watu. Kipande cha ubao chini ya kila mrunda ni gharama ndogo mno.

Zege likishamwagwa, dai video fupi ya zege kumwagiliwa maji asubuhi na jioni, siku 7 angalau.